Gia ya Mbele ya Pili

Nchi ninayoisimulia si hii. Nalisema hilo mapema ili msomaji mwenye kofia ya kazi asipate tabu ya kunyanyuka kitini. Hii naijua, naiheshimu, na nina kitambulisho chake. Ile nyingine nilizaliwa huko, nikapika chai ya serikali miaka ishirini na sita, nikatoka na birika langu na mguu mmoja mbovu. Mguu nitaueleza.

Nchi ile ilikuwa hairudi nyuma. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye noti, kwenye mabasi, na kwenye mlango wa choo cha stesheni. Mwanzoni ilikuwa kaulimbiu kama kaulimbiu nyingine, unaiimba mkutanoni, ukifika nyumbani unaivua pamoja na viatu. Kisha siku moja Baba wa Mbele, yaani mkuu wa nchi, alikuwa akihutubia, akamwona mzee mmoja amesinzia safu ya mwisho. Akauliza, "Yule aliyekaa nyuma ni nani?"

Neno lilikuwa limetoka kinywani mwake mwenyewe. Kesho yake wataalamu wakakaa, wakaona kosa halikuwa la kinywa, kosa lilikuwa la neno. Likafutwa. Kuanzia Jumatatu ile, kila kilichokuwa nyuma kikaitwa mbele ya pili.

Tulizoea. Waliokuwa wakipata kazi kwa mlango wa nyuma wakaisha siku hiyohiyo, wakabaki wale wa mlango wa mbele ya pili. Mtoto aliyeshika mkia darasani aliandikiwa kuwa ni wa kwanza kutoka mbele ya pili, na nawajua wazazi waliochinja kuku. Madereva wa wizara walikatazwa kurudisha magari, hivyo aliyekosea maegesho alizunguka mji mzima na kujaribu tena. Kurudi kwenyewe kuliruhusiwa kwa watu wanaotoka kazini tu, tena kwa adabu.

Na ukitoka ofisini kwa Baba wa Mbele, kumpa mgongo huwezi, na kutoka kinyumenyume huwezi. Basi tulitoka kwa ubavu, kama kaa. Nilimpelekea chai kwa ubavu miaka minne. Huo ndio mguu.

* * *

Sasa jeshi. Jeshi letu lilikuwa na magari ya deraya ya zamani, yaliyonunuliwa mimi nikiwa bado nasukwa nywele na mama. Kazi yake ilikuwa kubeba. Sanduku la chuma lenye minyororo badala ya matairi, bunduki moja juu, mabenchi mawili ndani, na mlango mkubwa mgongoni unaoshuka kama daraja. Linachukua askari kumi na mmoja, linawafikisha karibu na vita, linawashusha, linaondoka. Halijidai. Watu waliliita Kobe.

Mwanangu Zuberi, kitinda mimba wangu, alikuwa koplo, na alipanda Kobe. Seksheni yao watu kumi na mmoja, yeye namba tisa. Kwa nini kumi na mmoja? Kwa sababu Baba wa Mbele alipenda mpira wa miguu, akaitungia sheria.

"Ukikaa humo, mama," Zuberi alikuwa akiniambia, "hujui goti lipi lako. Jana nimejikuna dakika nzima, kumbe najikuna mguu wa namba kumi."

"Na yeye hakusema kitu?"

"Alisema asante."

Dereva wao alikuwa Sajini Mawazo, mtu mfupi aliyeongea na lile gari kama unavyoongea na ng'ombe. Kobe halioni mgongoni mwake. Kwa hiyo Mawazo, kabla ya kulirudisha, alitoa mkono nje na spana, akagonga bati mara mbili. Ko, ko. Waliopo nje walitawanyika hata kama wamelala. Miaka ishirini na tisa hakumkanyaga mtu. Alimkanyaga kuku mmoja, na yule kuku, Mawazo aliapa, alikuwa kiziwi.

Ndipo yakaja Mafaru.

Faru lilikuwa gari la kisasa. Kobe hubeba tu, Faru hubeba na kupigana. Lilikuwa na mzinga mrefu juu ya kichwa kinachozunguka, ngozi ya chuma nene kama ukuta wa benki, televisheni za kuonea adui, na upepo baridi ndani ili askari asitoke jasho kabla ya kufa. Waziri wa Ulinzi, Mheshimiwa Pongezi, aliyapokea bandarini kwa hotuba. "Kobe," alisema, "ni gari la kumpeleka askari vitani. Faru ni vita venyewe vinavyompelekea askari gari." Watu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga, nikidhani nitaelewa nikifika nyumbani.

Magari yalikuwa yameshanunuliwa, kwa hiyo ikaundwa Tume ya Kulinganisha, ili ichunguze kama yanafaa kununuliwa.

* * *

Tume ilikaa wiki tatu, nami nikaihudumia chai. Mwenyekiti alikuwa Jenerali Nishani, ambaye medali zake zililia kila alipochovya andazi. Karibu yake alikaa mtaalamu wa kigeni aliyekuja na magari, mtu mwekundu asiyesema, na karibu yake Dokta Sarufi, msimamizi wa maneno ya taifa.

Walilinganisha kwa alama. Kobe huelea, linavuka mto kama bata. Faru haliwezi. Wakaandika: Faru huzama kwa uthabiti, alama mbili. Kobe ni jepesi, daraja lolote linalistahimili. Faru lina uzito wa Makobe matatu. Wakaandika: Faru limezidi uzito mara tatu, alama tatu. Kobe hutengenezwa na fundi yeyote mwenye nyundo. Faru hutengenezwa na mtu mmoja anayeishi ng'ambo. Wakaandika: Faru lina fundi wake maalumu, alama tano.

"Bi Chai, sukari," alisema Jenerali.

Jina langu si Bi Chai. Lakini miaka ishirini na sita hakuna aliyeuliza, na mimi si mtu wa kujitangaza.

"Nakuja, baba. Hivi humo ndani wanakaa wangapi?"

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya Faru."

Jenerali akapekua kitabu, akamtazama Dokta Sarufi, Dokta Sarufi akamtazama mtaalamu. Mtaalamu akanyoosha vidole sita.

"Sita," alisema Jenerali. "Sehemu nyingine imechukuliwa na mzinga na risasi zake."

"Na seksheni ni watu kumi na mmoja."

"Kwa mujibu wa sheria."

"Basi wale watano watakaa wapi?"

Walinitazama kama nimetia chumvi kwenye birika. Sikuuliza kwa ujuzi wa mambo ya kijeshi. Niliuliza kwa sababu mwanangu ni namba tisa, na hata mtu wa darasa la nne anajua kuwa tisa haimo ndani ya sita.

Siku nzima wakajadili. Mmoja akashauri seksheni ipunguzwe iwe sita. Akaulizwa kama amewahi kuona timu ya mpira ya watu sita, akanyamaza mpaka mwisho wa wiki. Mwingine akashauri mzinga uondolewe, viti viongezwe.

"Ukiondoa mzinga ukaongeza viti," alisema Jenerali taratibu, "utapata nini?"

Wote tulijua kuwa utapata Kobe.

Jioni Mheshimiwa Pongezi akaja na jibu. Namba moja mpaka sita watapanda. Namba saba mpaka kumi na moja watakimbia kwa miguu, mbele ya pili ya gari, na wataitwa Kikosi cha Kusindikiza.

"Askari anayekimbia," alisema, "hatembei peke yake. Anabebwa na uzalendo."

Nilitaka kumuuliza uzalendo una viti vingapi. Mdomo ukasema, "Nikuongezee tangawizi, Mheshimiwa?"

"Niongezee, mama."

* * *

Wiki ya mwisho ilikuwa ya maneno. Mafaru yalikuja na maandishi ya kigeni, na Dokta Sarufi akapewa kazi ya kuyabandika ya kwetu. Alikwenda vizuri mpaka kwenye gia.

"Hii ni gia gani?" alimuuliza dereva aliyekuwa akifundishwa.

"Ya rivasi, afande."

Dokta Sarufi akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa. "Rivasi ni nini, kijana? Rivasi ni lile neno limevaa suti."

Akaitisha kikao. Kulikuwa na rai kwamba gia yenyewe ing'olewe, kwa kuwa nchi haina haja nayo. Mtaalamu wa kigeni, ambaye kwa wiki tatu hakufungua mdomo, akasema maneno mengi kwa lugha yake akigonga meza. Basi gia ikaachwa, ikapewa jina: Mbele ya Pili. Mgongoni mwa Faru kulikuwa na jicho la kamera la kumwonyesha dereva kilichoko huko. Hilo lilikuwa tusi, gari la taifa kutazama mahali pasipokuwepo. Likafunikwa kwa picha kubwa ya Baba wa Mbele akitabasamu, ili Kikosi cha Kusindikiza kipate cha kukitia moyo.

Jumamosi Zuberi alikuja nyumbani. Nilimtilia maji ya moto na chumvi kwenye beseni, akatumbukiza miguu.

"Linakwenda mbio kiasi gani?" nilimuuliza.

"Mbio kuliko sisi. Linatupulizia moshi, sisi tunamkimbilia Baba wa Mbele anavyocheka. Jana namba kumi na moja ametapika, akaambiwa atapike kwa mstari."

"Na mnajuaje pa kukaa?"

"Amri ni moja, rahisi. Kanali wetu akisema kwenye kipaza sauti, 'Mbele ya pili,' tunakimbilia mahali petu. Tunajipanga mgongoni mwa gari, karibu kabisa, hatua mbili."

"Na Kanali akitaka gari lirudi nyuma, anamwambia dereva nini?"

Nililisema lile neno kwa sauti ya chini, jikoni kwangu. Zuberi akatoa mguu mmoja nje ya beseni, maji yakachuruzika sakafuni.

"Anamwambia..." Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Si watakuwa wamelifikiria hilo, mama. Wale wasomi."

"Sajini Mawazo anasemaje?"

"Mawazo anasema afadhali aendelee na Kobe lake mpaka wote wawili wapate kutu."

Jumatatu niliingia kwenye Tume na sinia, nikalitua, sikumimina.

"Waheshimiwa," nilisema, "samahanini. Neno moja haliwezi kuwa gia na pia kuwa mahali. Mkisema 'mbele ya pili', vijana watakimbilia palepale gari linapokwenda."

Jenerali akamtazama Dokta Sarufi. Dokta Sarufi akavua miwani.

"Bi Chai, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nne, baba."

"Basi tuachie darasa la tano tuendelee."

Walicheka vizuri, medali zikalia zote. Nikamwambia, "Dokta, mimi nina mtoto pale."

Akaacha kucheka, kwa heshima. "Mama yangu," alisema, "lugha haina ajali. Ajali huwa na watu."

Aliandika hata hilo kwenye daftari lake, naona lilimpendeza. Mimi nikamimina chai.

* * *

Siku ya Ulinganisho ilifanyika asubuhi kwenye uwanja wa gwaride. Kulikuwa na hema la wakubwa, beni ya jeshi yenye ngoma kubwa mkono wa kulia, na meza ya vinywaji, ambako nilikuwa mimi. Kobe lilitangulia. Likaja likitetemeka, likasimama mbali kwa adabu, likashusha mlango. Askari kumi na mmoja wakatoka wakakaa chini uwanjani. Dakika moja. Makofi kidogo, kama ya mazishi ya mtu wa mbali. Mawazo akagonga ko, ko, akalirudisha pembeni, na wakubwa wakajifanya wanaangalia ndege.

Kisha Faru. Watu wa seksheni ileile. Sita wakapanda, watano wakajipanga. Likaja linanguruma, kichwa kinazunguka, vumbi juu mpaka jua likafifia, na wale watano kwenye vumbi hilo hawaonekani ila buti. Ni kitu kizuri, sitasema uongo. Ndugu yangu, lilikuwa zuri kiasi kwamba dereva mwenyewe alijisahau. Likapita mstari wa chokaa, likapita kamba ya wageni, likasimama mzinga wake ukiwa ndani ya hema, juu ya keki, mbele ya pua ya Mheshimiwa Pongezi.

Wale watano walifika sekunde chache baadaye, wamekwisha. Wakatawanyika kando ya gari, wengine wameshika magoti. Zuberi alikuwa upande wangu. Akaniona nyuma ya mabirika, akanyoosha kofia yake kidogo, kama alivyokuwa akifanya akinikuta sokoni na wenzake wapo.

Mheshimiwa Pongezi alisema, bila kutikisa kichwa, "Liondoeni."

Kanali akashika kipaza sauti. "Faru," alisema, "mbele ya pili."

Ilikuwa amri safi. Kila mtu aliitii. Dereva akatia gia. Na wale watano, waliokuwa wamechoka, waliokuwa kando, salama, wakakimbia kwa nidhamu kubwa mahali pao, hatua mbili kutoka kwenye tabasamu.

Kule pembeni nikasikia ko, ko, ko, ko. Mawazo alikuwa amesimama juu ya Kobe lake akigonga bati kwa spana kama kichaa, anapiga kelele, "Nyuma, linarudi nyuma." Wanne waliisikia spana, mwili ukajua kabla ya kichwa, wakaruka. Zuberi alikuwa mkono wa kulia, karibu na ngoma kubwa, nayo ilikuwa bado inapigwa.

Mimi sikuona. Faru lilinizibia. Niliona tu mzinga ukitoka hemani polepole, juu ya keki, bila kuigusa, na watu wa meza kuu wakipiga makofi kwa ustadi wa dereva.

Wakati wa kuliosha gari walianza na picha.

* * *

Ripoti ilitoka alasiri hiyohiyo, kwa kuwa mazishi yalikuwa kesho. Nilisomewa ofisini na Dokta Sarufi, Waziri amekaa pembeni. Ilikuwa ngumu kuiandika, nilimwonea huruma. Mtu aligongwa na gari likirudi nyuma, na nchini hakuna gari linalorudi, wala nyuma. Wakaandika kwamba Koplo Zuberi, namba tisa, alipitiwa na gari likiwa katika mwendo wa mbele. Na kwa kuwa kusimama katika njia ya gari la vita linalokwenda mbele ni kinyume cha kanuni, Tume ilimsamehe.

Sajini Mawazo hakusamehewa. Yeye alikamatwa kwa kuharibu bati la serikali na kwa lile neno, alilolitamka mara mbili mbele ya wageni.

"Mama," Mheshimiwa Pongezi akasema, akanishika mkono, na nadhani siku ile alinihurumia kweli, "mwanao ametangulia mbele ya haki."

"Mbele ipi, baba?" nikamuuliza. "Ya kwanza au ya pili?"

Aliuachia mkono. Nilitoka ofisini kwake nimempa mgongo, natembea kama watu wanavyotembea. Mguu uliuma lakini ulikwenda.

Asubuhi wizara ilituma Faru hospitali kuchukua maiti, kwa heshima. Jeneza halikuingia. Walijaribu kwa urefu, wakajaribu kwa ubavu, wakazungusha na mzinga. Sehemu ile ilikuwa imechukuliwa na risasi. Mwisho wakaenda kuleta Kobe, na kwa kuwa Kobe halikubali kuwaka kwa mtu mwingine, wakamtoa na Mawazo mahabusu, askari kanzu amekaa ubavuni mwake.

Jeneza liliwekwa kati ya mabenchi mawili. Wenzake kumi wakakaa watano huku, watano huku, magoti yao yameligusa. Wakawa kumi na mmoja. Wote walienea, kama siku zote.

Uchochoro wa kwetu ni mwembamba na unaishia ukutani. Gari lenye mlango mgongoni haliwezi kumshusha mtu kwangu isipokuwa limeingia kwa kurudi. Mawazo alilisimamisha barabarani, akatoa kichwa, akanitazama. Hakugonga. Spana walikuwa wamemnyang'anya, iwe ushahidi. Dokta Sarufi alikuwepo kwa niaba ya Tume, na daftari lake.

"Mwelekeze tu, mama," alininong'oneza. "Unaweza kusema 'mbele ya pili.' Watu wataelewa."

Nikaenda nikasimama mwisho wa uchochoro, mlangoni kwangu, mahali Mawazo anaponiona kwenye kipande cha kioo alichokificha muda wote chini ya kiti. Nikainua mkono. Nikagonga mlango wangu wa bati mara mbili, majirani wakasogea kando wote, na watoto wao.

"Rudi nyuma, mwanangu," nikasema. "Nyuma. Njoo. Nyuma tena. Kata kushoto kidogo, kuna mtaro. Nyuma. Nyuma."

Dokta Sarufi alikuwa akiandika, kila neno mstari wake. Kobe likaja taratibu, halikugusa ukuta huu wala ule.

"Nyuma kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo."

Likasimama hatua mbili kutoka kwangu, mlango ukashuka.

"Mshusheni," nikasema.